Mkono wa Kushoto wa Gari la Shemeji

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma Kihonda, nami nilikuwa fundi wa cherehani. Tulikutana kwa sababu tulipanga kwa mwenye nyumba mmoja, mimi barazani, yeye uwanjani. Mwezi wa kwanza tu cheche zake ziliruka zikatoboa pazia la mteja wangu. Alikuja na kofia mkononi, akasimama mbele ya cherehani kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu.

"Fundi, nisamehe," akasema. "Nitasogeza mashine yangu kule mbali."

"Isogeze leo, fundi," nikamjibu.

Alisogeza. Mwaka uliofuata tulioana, na tukaendelea kuitana fundi hata ndani ya nyumba.

Kazi iliyompa jina ilikuwa ni kuimarisha mikono ya magari. Nyuma ya kila tairi la mbele kuna mkono wa chuma unaolishika tairi na kuliunganisha na mwili wa gari. Mafundi wengi wanauita wishiboni; mume wangu aliuita mkono, nami nitauita hivyo. Mikono ya magari madogo imetengenezwa kwa bati lililokunjwa, na kwa anayetembelea lami inatosha. Kwa barabara ya kupanda Mgeta haitoshi. Gari lililotengenezwa kubeba watu watano linabeba tisa na magunia ya kabichi juu, linashuka kwenye mawe siku baada ya siku, mpaka mkono unapinda, unapasuka pembeni, na tairi linaanza kuinama kama mtu aliyeteguka kifundo.

Madereva wa milimani walimletea yeye. Aliufungua mkono, akatoa mipira na vyuma vya maungio ili visiungue, akausugua kwa brashi ya waya mpaka ukang'aa. Kisha alikata bamba la chuma, akalilaza chini ya mkono, akalikunja pembeni na kulichomelea kidogo kidogo, kipande huku, kipande kule, ili moto usiupindishe. Akimaliza aliuacha upoe wenyewe juu ya matofali. Dereva angeweza kulalamika atakavyo, hakuumwagia maji.

Shida yake ilikuwa kukata mabamba. Alikata kwa kukadiria, akapunguza, akatupa, akaanza tena. Siku moja nikamwuliza kwa nini hakati karatasi kwanza, kama sisi tunavyokata nguo. Akacheka. Nikachukua boksi la sabuni, nikaulaza mkono wa gari juu yake, nikachora, nikakata, nikaacha nafasi ya kukunja. Akalifuata kwa chaki, akakata bamba, likakaa mara ya kwanza. Toka siku hiyo vielelezo vya magari vilining'inia kwenye msumari mmoja na vya sketi na magauni, na mteja akiuliza vile vya ajabu ni vya nguo gani tulikuwa tunacheka wote wawili.

Baadaye akanifundisha kuchomelea. Kuna miezi nguo haziji, na mimi si mtu wa kukaa bure. Mkono wangu ulizoea kuongoza kitambaa chini ya sindano, kwa hiyo mshono wangu wa chuma ulitoka umenyooka, wenye mawimbi madogo madogo yaliyolingana. Aliwaonyesha wateja. "Mke wangu ananipita," aliwaambia, na hakuona aibu kusema hivyo.

Mungu hakutujalia mtoto. Tuliyemlea ni mdogo wake wa mwisho, aliyeshuka kutoka kwao Mgeta, milimani, kuja kusoma sekondari. Nilimshonea sare kwa miaka minne. Aliniita shemeji kama desturi ilivyo, lakini alipougua malaria alikuwa akiita jina langu, hakuita la mama yake. Alipokuwa mtu mzima akajifunza udereva, akapata gari dogo refu la nyuma wazi kwa mizigo, akaanza kushusha karoti, njegere, kabichi na abiria wachache kutoka Nyandira. Akaoa msichana wa huko huko. Mkewe alikuwa akinipigia simu mara kwa mara kuuliza kama gari limefika Kihonda, maana mume wake akishika usukani hapokei simu. Nilimpenda kwa hilo.

Gari la shemeji lilipata mabamba pande zote mbili, tena mume wangu aliyafanya kwa siku mbili, wakati gari la mtu mwingine angelimaliza kwa nusu siku. Miaka ilipita, gari likapanda na kushuka, mabamba yakashika.

Sasa nieleze yaliyokuja taratibu, maana sikuyaona yote kwa pamoja.

Kwanza mume wangu alianza kunitazama kwa pembeni. Nikizungumza naye anageuza uso kidogo, ananiangalia kwa kona ya jicho. Nilidhani amenichoka. Nilikaa na uchungu huo wiki kadhaa kabla sijagundua kwamba anatazama hivyo hivyo sahani, simu na sarafu. Akimimina chai inafurika. Akisoma ujumbe anaisogeza simu huku na huku kama anatafuta mahali penye mwanga.

"Macho yako vipi?" nikamwuliza.

"Vumbi tu."

"Twende wakakupime."

"Fundi, ni vumbi. Nina kazi."

Halafu nikaliona tatizo kwenye mishono yake ya chuma. Mume wangu alikuwa na mshono mnene, wa mtu asiye na haraka. Sasa ulianza kuyumba. Mwanzo mara moja moja, kisha kila siku. Kuna mahali unatoka kwenye ungio, pale bamba linapokutana na mkono, unapita juu ya bamba peke yake kwa urefu wa kidole, halafu unarudi. Ukiutazama kwa mbali ni mshono mzuri. Ukiinama unaona ufa mwembamba pembeni yake, na ufa huo ndio uliopaswa kufungwa.

Nilikuwa na njia ya kusema. Tulikuwa tunakula pamoja, tunalala kitanda kimoja, tunasali kanisa moja. Lakini mafundi wenzake walikuwa wameanza kumtania kwamba amezeeka, na kila walipomtania alikuja nyumbani amenyamaza. Nikaona nikisema mimi, mtu wake, nitamvunja.

Nikatafuta kisingizio cha rangi. Nilimwambia kazi ikimalizika mimi ndiye nitakayepaka mikono rangi nyeusi, ili yeye apumzike na chai kwa jirani. Alikubali upesi. Kila mchana alipokwenda kunywa chai, nilichukua grenda nikasaga mahali alipokosea, nikavaa kofia yake nikarudia mshono, nikagonga mavi ya chuma yaliyoganda juu yake yakatoka, nikapaka rangi. Aliporudi alikuta mikono inameta juu ya matofali.

"Imekauka?" aliuliza.

"Bado kidogo."

Hivyo ndivyo tulivyoishi karibu mwaka mzima. Nilijiambia ninamstahi. Leo sijui ilikuwa heshima au uoga, na kila nikijaribu kuvitenganisha nashindwa.

Mama yangu mdogo akafariki Gairo. Nilikwenda msibani siku ile ile niliyopata habari. Nilimwomba mume wangu asifanye kazi ya mikono mpaka nirudi. Nikasema, "Pumzika kidogo, kazi hazikimbii." Akasema sawa.

Siku ya tatu ya msiba, nikiwa uani na wanawake wenzangu tunachambua mchele, akapiga simu.

"Mdogo wako alipita hapa asubuhi," akasema. Kwake shemeji alikuwa mdogo wetu sote. "Mkono wa kushoto ulikuwa umepasuka juu ya bamba la zamani. Nimelitoa, nimeweka jipya. Nimeshamfungia, ameondoka."

Nikasimama. Nikasogea pembeni penye banda la kuku.

"Si ungemwambia asubiri nirudi nipake rangi?"

"Nimeshapaka mwenyewe."

Nakumbuka nilikuwa na punje za mchele mkononi, nikazidondosha chini moja moja, kuku wakazifuata. Nilijua kabisa cha kufanya. Kumpigia shemeji na kumwambia, usipande na gari hilo, lirudishe Kihonda, kaka yako haoni. Lakini ningesema hivyo, shemeji angemwuliza kaka yake, na kaka yake angejua kwamba nimemsema kwa mdogo wake kabla ya kumwambia yeye. Nikafikiri, nimebakiza siku moja tu hapa. Nikifika nitamwita shemeji kwa sababu nyingine, nitaufungua mkono, nitaurudia. Mara ngapi gari limekwenda na mkono mbovu wiki nzima na halikuanguka?

"Haya," nikamwambia mume wangu. "Tutaonana kesho."

"Haya, fundi."

Kesho yake basi lilikuwa halijafika Dumila aliponipigia tena. Akaniambia nikishuka stendi ya Msamvu nisiende nyumbani, niende hospitali. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Nikamwuliza kuna nini, akasema, "Njoo tu." Nikamwuliza ni nani. Akakata simu. Nikajua ni nani.

Gari lilikuwa linashuka likiwa limejaa. Abiria walionusurika walisema walisikia mlio mmoja kama wa rungu kwenye debe, tairi la kushoto likajikunja chini, gari likavuta upande huo likaruka ukingo. Watatu waliumia, wakapona. Shemeji alifariki njiani, kabla hawajafika tambarare. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Tulimzika kwao, kwenye mteremko uliopandwa maharage, mvua ndogo ikinyesha. Ya mazishi siyaelezi. Nilipika, niliosha vyombo, nilikaa na wanawake, na kila aliyenipa pole nilishika mkono wake nikaona kama namwibia.

Polisi walilikagua gari pale pale lilipoanguka. Wakaandika mkono wa kushoto umekatika, mzigo ulizidi, barabara mbovu. Wakairuhusu familia iliondoe. Likavutwa mpaka Kihonda, likawekwa uwanjani kwetu, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine.

Wiki moja baada ya mazishi, asubuhi, mume wangu akiwa bado kitandani, nikalala chini ya gari lile nikaufungua mkono wa kushoto. Nilitaka kuuona kabla yake. Niliubeba mpaka penye mwanga. Bamba lilikuwa limebanduka kama kifuniko cha kopo. Upande mmoja mshono ulishika vizuri. Upande wa pili, ulioelekea tairi, mshono wote ulipita juu ya bamba, wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na ungio lilikuwa halijaguswa. Haukuwa kosa la urefu wa kidole. Upande huo aliuchomelea bila kuona kitu.

Nilisikia ndara zake nyuma yangu.

"Ndio huo?" akauliza.

"Ndio huu."

"Nipe."

"Umegongwa na jiwe, fundi. Tazama ulivyopinda hapa."

Akanyoosha mikono, nikampa. Akakaa kwenye benchi, akauweka mapajani, akapitisha kidole gumba juu ya mshono polepole. Akafika mwisho, akarudi, akapitisha kwenye ungio. Akaingiza ukucha ndani ya ufa.

"Nimepita pembeni," akasema.

"Jiwe—"

"Jiwe limegonga, ndiyo. Lakini bamba lilikuwa halijashika kitu. Usinifanye mtoto mdogo."

Akaendelea kuupapasa ule mkono.

"Najua ulikuwa unazirudia kazi zangu," akasema.

Nilikaa chini, juu ya tofali. "Toka lini?"

"Toka zamani. Nilikuwa napitisha kidole kabla sijaenda kunywa chai, na nikirudi napitisha tena ukiwa ndani. Mshono wangu hauna meno madogo namna ile. Ule ni wako."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Nilijua nikikosea upo wewe. Nikawa nafanya kazi kwa amani."

"Na siku ile sikuwepo."

"Siku ile hukuwepo."

"Sasa kwa nini uliipokea?"

Jirani alikuwa anachota maji, tukangoja amalize, akaenda.

"Alisimama pale ulipokaa," akasema. "Akasema, kaka, kesho soko, karoti zimeshang'olewa, zitaoza. Nimwambie nini? Nimwambie mimi niliyemlea, nenda kwa fundi mwingine, kaka yako haoni? Nilijaribu. Neno halikutoka. Nikashika fito ya kuchomelea nikafanya kazi kwa kusikiliza mlio. Nilidhani mlio unanitosha."

Nikaanza kulia. Yeye hakulia.

"Halafu nikakupigia wewe," akasema. "Nilikupigia kwa makusudi. Nikakwambia nimeshamfungia, nimeshapaka. Nikasikiliza. Nikasema moyoni, akiwa na wasiwasi atasema, nami nitampigia mdogo wangu arudi. Ukasema haya, tutaonana kesho. Nikasema, basi ni salama."

Nimekuwa mke kwa miaka mingi, nimesikia maneno ya kila aina, lakini hakuna neno lililonipiga kama hilo, na alilisema bila hasira yoyote. Alikuwa ananieleza tu ilivyokuwa.

Siku ile ile alitaka kwenda polisi. Nilimsihi tuanze nyumbani kwao, akakubali. Tulipanda kesho yake na gari la mtu mwingine. Njia nzima alikuwa ameshika kitambaa cha mkono mapajani.

Tulimkuta mama yake, mjomba wake ambaye ndiye msemaji wa ukoo, na mjane wa shemeji akiwa bado kwenye nguo nyeusi. Tuliwaamkia wakubwa, tukakaa. Mume wangu akasema amekuja kuungama. Akawaeleza kuhusu macho, kuhusu mkono, kuhusu mshono uliopita pembeni. Akawaambia mjomba akitaka ampeleke polisi yuko tayari. Alisema kila kitu, akaliacha jambo moja tu. Hakunitaja. Kwa jinsi alivyoyaeleza, mtu angedhani mimi nilikuwa Gairo nikilia msiba na sikujua lolote duniani.

Mjomba akasema polisi wameshaandika walichoandika, na ukoo hautazika mtu mmoja kisha upeleke wa pili gerezani. Mama alikuwa anamtazama mwanawe.

Ningeweza kukaa kimya. Alikuwa amenitengenezea nafasi ya kukaa kimya. Nikapiga magoti mbele ya mama.

"Mama, nami nilijua," nikasema. "Nilijua haoni karibu mwaka mzima. Nilikuwa narudia kazi zake kwa siri. Siku ile alinipigia simu akaniambia amefunga mkono ule peke yake. Nilijua gari si salama. Sikusema."

Mume wangu akaita, "Fundi." Akaita kwa sauti ya chini, kama mtu anayemzuia mwenzake asivuke barabara.

Mama akafunika uso kwa kanga. Lakini aliyezungumza ni mjane. Tangu tufike alikuwa hajainua kichwa, na alipokiinua alinitazama mimi tu.

"Simu ulikuwa nayo?" akaniuliza.

"Nilikuwa nayo."

"Na namba yangu ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Jioni ile tulikuwa tunapakia karoti. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Ilikuwa na chaji."

Akainuka akaenda nje, na kupitia mlangoni nilimwona amesimama, ametupa mgongo, ameshika mti wa kuanikia nguo.

Usiku ule tulilala hapo, asubuhi mama akatoa uamuzi wake. Akasema mwanawe atabaki. Hakunifukuza. Aliniambia, "Mwanangu, wewe nenda kwenye kazi yako. Huyu niachie." Mimi nilikuwa nimezoea kusikia mwanangu kutoka kwake na sikujua kama siku ile neno lilikuwa bado na maana yake ya zamani.

Kabla mume wangu hajahamia kwa mama moja kwa moja tulishuka mjini, akakubali hatimaye kupimwa. Daktari wa macho alimweleza kwamba sehemu ya katikati ya jicho, ile tunayotumia kusoma na kutambua uso wa mtu, imekufa pande zote mbili, na kwamba pembeni kutabaki na mwanga. Akamwuliza kama ujanani alikuwa akichomelea bila kioo. Mume wangu akasema ndiyo, wakati akijifunza, kwa miaka kadhaa, maana kioo kilikuwa kimoja na wanafunzi watano. Daktari akasema huenda ndicho chanzo, huenda sicho. Hakuna dawa ya kurudisha. Tulitoka tukakaa kwenye benchi la nje. Nilifikiri ingekuwaje kama angepimwa mwaka uliopita. Sikulisema, na nilijua naye analifikiria.

Niliporudi Kihonda peke yangu, dereva wa kwanza aliyeniletea mkono nilimfukuza. Nilimwambia hatufanyi tena. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa mzee anayeshusha ndizi kutoka upande wa Matombo, akaniambia, "Binti yangu, ukikataa wewe nitaenda kwa mtu atakayenikamilishia kwa saa moja na barabara ni ile ile." Niliuchukua mkono wake. Fito iligandia kwenye chuma mara tatu. Nilipomaliza niliupiga nyundo kila upande, nikausikiliza, nikaupiga tena, na mzee akaona nachelewa akalala chini ya mwarobaini. Tangu hapo ninaifanya kazi hii. Siifanyi kwa furaha. Cherehani naishika mara chache, na watu wamezoea kumwona mwanamke wa makamo amevaa kofia ya kuchomelea, hawashangai tena.

Gari la shemeji tuliliuza kama chuma chakavu, na mjane ndiye aliyepokea kilichopatikana.

Napanda Mgeta kila nikipata nafasi. Nampelekea mume wangu unga, sukari, sabuni, dawa ya mama ya presha. Amejifunza kupalilia karoti kwa vidole. Anaijua karoti na anayajua magugu kwa kugusa majani, na mistari yake ni safi kuliko ya watu wenye macho. Amekonda. Anaongea na majirani, anakwenda jumuiya, anacheka wakati mwingine. Tukiwa wawili tunaongea habari za mvua.

Mara ya mwisho nilipokuwa huko nilimwomba arudi. Tulikuwa tumekaa kwenye tuta, yeye anafuta udongo mikononi.

"Nirudi nifanye nini pale?" akauliza.

"Ukae na mimi."

"Nikikaa na wewe ninamkumbuka."

"Na hapa humkumbuki?"

"Hapa namkumbuka zaidi. Lakini hapa mama akilia, analia, nami nakaa naye mpaka anamaliza. Mimi na wewe hatuwezi kulia pamoja. Kila mmoja anamwogopa mwenzake."

Nikamwambia mimi simwogopi. Akasema, "Unaniogopa, fundi. Hata sasa ukitaka kusema neno unalipima kwanza." Nilikuwa nalipima kweli.

Hatujaachana. Padri aliwahi kutuuliza, tukamwambia tuko salama, mmoja yuko shambani na mwingine yuko kazini, kama wanandoa wengi walivyo. Nafikiri atabaki kwa mama yake mpaka mama aondoke duniani, na baada ya hapo sijui. Nimeacha kupanga.

Mjane wa shemeji bado anaishi nyumba ya pili kutoka kwa mama. Zamani tukikutana alikuwa akiniamkia kwa kupinda goti kidogo, shikamoo dada, hata kama amebeba ndoo kichwani. Sasa tukikutana njiani anasimama, ananitazama, anasema, "Habari." Mbele ya watu pia anasema hivyo hivyo, na watu husikia. Mama mkwe aliwahi kumkemea, nikamwomba mama amwache. Mimi namjibu nzuri, nasogea pembeni ya njia, naye anapita na mzigo wake.